KADI NAMBA SABA

Sehemu ya Tisa

"Ukilifungua hilo kabati, utajuta."

Hiyo ndiyo sauti tuliyoiacha wiki iliyopita nyuma ya Mama Jezi, yeye kapiga magoti ofisini kwa watu, ufunguo wa kuiba mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Wengi mmeniandikia mkibashiri kuwa ni Bwana Saruji mwenyewe. Mmekosea. Angekuwa Bwana Saruji, hadithi ingeishia palepale na mimi ningetafuta kazi nyingine.

Alikuwa kaka yake.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, shika haya matatu twende. Mama Jezi hufua jezi za klabu kwa mikono yake miwili, miaka kumi na minane sasa, na ndiye kiongozi wa mashabiki. Kaka yake mkubwa, kifungua mimba wa nyumba yao, ndiye karani wa klabu hiyohiyo, na watu wa mtaani wanamwita msaliti kwa sababu anakula kwa Bwana Saruji. Na Bwana Saruji ndiye mwenye klabu: aliinunua miaka tisa iliyopita, akaahidi makombe, akaleta makocha kumi na mmoja, na kombe hata la plastiki hatujaliona. Sasa anataka kuuza uwanja kwa mtu atakayejenga maghala.

Mkutano wa wanachama ni leo, saa nne asubuhi. Saa sita kamili mchana, muda wa kuuzuia uuzaji huo unakwisha.

"Kaka! Roho imetaka kunitoka."

"Ufunguo umeutoa wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango."

"Nani aliuacha pale?"

Mama Jezi akageuka kumtazama vizuri. Karani ni mtu wa miwani minene na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Miaka tisa hajasahau ufunguo hata siku moja.

"Wewe," akasema.

"Basi. Sikusema usifungue, nimesema utajuta. Fungua upesi, Bosi yuko njiani."

Ndani ya kabati, chini ya mipira iliyoishiwa upepo, kulikuwa na kitabu chembamba cha jalada la kijani. Katiba ya klabu. Wazee waliianzisha klabu wakiwa mafundi wa karakana moja, na waliiandika katiba yao kama watu waliozoea kudhulumiwa.

"Kifungu cha kumi na tisa," Karani akasema. Hakuhitaji kusoma. "Uwanja hauuzwi mpaka wanachama waulizwe kwanza. Wakisimama watu mia mbili, kadi mkononi, kabla ya saa sita mchana siku ya mkutano, klabu na uwanja vinakuwa vyao kwa ushirika. Wanapewa mwaka mzima wa kumlipa mwenye mali."

Mama Jezi akaruka juu. "Mia mbili tu? Kaka, tuko mia tisa! Chama cha akiba cha walimu kimeshakubali kutudhamini. Tumeshinda!"

"Kadi mkononi," Karani akarudia. "Soma mstari wa chini."

Akasoma. Akarudia kusoma. *Mwanachama atakayeharibu kadi yake kwa makusudi, atahesabiwa amejitoa.*

Akakaa sakafuni.

Maana mwezi uliopita, msomaji, uliwaona mwenyewe. Liliwekwa pipa mbele ya geti la klabu, likawashwa moto, na mashabiki wakapanga foleni kuchoma kadi zao mbele ya kamera za waandishi. "Hatumtaki! Chukua klabu yako!" Na nani aliyesimama juu ya kreti na kipaza sauti akiwahimiza wachome? Nani aliyetupa kadi ya kwanza kabisa?

"Mimi," Mama Jezi akanong'ona. "Ni mimi niliyewachomesha."

"Nilitaka kushuka na ndoo ya maji siku ile," Karani akasema. "Bosi alikuwa dirishani anakunywa chai. Akaniambia, 'Waache. Wanatusaidia.'"

"Ukanyamaza?"

"Nina watoto wanne, mdogo wangu."

"Na mimi nina mmoja! Ndiyo nini?"

Karani akavuta katiba. Akageuza ukurasa, akamwonyesha mstari mwingine. Hata wakipatikana hao mia mbili, karatasi lazima isainiwe na mwenyekiti wa mkutano, na mwenyekiti lazima awe na kadi ya mwasisi, namba moja hadi kumi. Saini yake ndiyo ya mwisho. Akisaini kukubali, wamechukua. Akisaini kukataa, imekwisha.

"Kadi ya baba," Mama Jezi akasema.

Baba yao alikuwa Mpiga Chokaa. Kila wiki ya mechi, miaka thelathini, alichora mistari ya uwanja ule kwa kamba, ndoo na brashi, na mstari wake ulikuwa umenyooka kuliko wa nyumba nyingi mtaani kwetu. Alifia pale pale, kwenye kona ya kaskazini. Kabla ya hapo alimwandikisha binti yake arithi kadi yake. Namba saba.

"Ndiyo," Karani akasema. "Ni hiyo tu iliyobaki. Nyingine zimekwenda kaburini na wenyewe."

"Nimeichoma, Kaka. Nimeichoma kadi ya baba kwa mkono huu."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Uliitupa na jalada lake lile la ngozi?"

"Na jalada lake. Sikutaka kuiona ikiungua."

Karani akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. "Mdogo wangu, siku moja kabla ya ule moto, mimi..."

Viatu vikalia ngazini. Viatu vizito, vya mtu ambaye hana haja ya kunyata.

"Toka kwa dirisha la stoo," Karani akasema haraka. "Chukua katiba. Na usimwambie mtu yeyote kwamba nimekusaidia, nakuomba. Wanangu wanakula kwa kazi hii. Niapie."

"Naapa."

"Kwa kaburi la baba."

"Kwa kaburi la baba, Kaka. Niache nipite!"

Akapita dirishani, gauni likachanika pindoni, akaangukia juu ya ndoo zake za kufulia. Na kile kiapo, ndugu zangu, ningekuwa na uwezo ningemrudisha dirishani akakifute.

* * *

Saa nne ukumbi ulifurika. Ukumbi wenyewe mnaujua: bati linalovuja pembeni, viti vya mbao vya kukunja, picha za timu za zamani ukutani zilizofifia mpaka wachezaji wote wanafanana. Watu walikuja wanaimba. Mama Jezi alisimama mbele yao na katiba kwapani, akashindwa kusema. Akawaacha wapige domo kwanza.

Kinyozi ndiye aliyeanza, kama kawaida yake. Yeye hunyoa nusu ya mtaa na kuisema nusu nyingine.

"Mimi naona tumfuate yule tajiri wa mabasi. Tumwambie atununue. Ana pesa mpaka anazisahau."

"Yule aliyeinunua timu ya ng'ambo ya mto?" akauliza Mwalimu, yule wa hesabu, mtu wa chaki na koti moja. "Iko wapi ile timu?"

"Iko... haiko."

"Basi. Utamtoa huyu umlete yule, na miaka tisa ijayo tutakuwa humu humu tunaimba wimbo huu huu."

"Tuandike wizarani," akasema mama mmoja.

"Tumeandika mara sita. Wametujibu kwamba barua imepokelewa."

"Tuanzishe timu yetu mpya!" akapaza mtu nyuma. Watu wakapiga makofi.

"Itacheza wapi?" Mwalimu akauliza. "Sebuleni kwako?"

Wakacheka, na kicheko kikafa vibaya. Hapo Mama Jezi akapata sauti.

"Njia ni moja," akasema. "Tuichukue wenyewe, kwa ushirika, kura moja kwa kila mwenye kadi. Sitawadanganya. Hatutanunua mchezaji wa maana. Tutashuka daraja, labda mara mbili. Tutasafiri kwa lori na tutafua jezi moja msimu mzima, na mnajua nani atazifua. Lakini uwanja hautakuwa ghala."

"Tunataka!" ukumbi ukanguruma.

"Ngojeni. Hamjasikia la pili."

Lakini la pili hakulisema yeye. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Saruji na suti yake ya kijivu, akipunga mkono kama aliyealikwa harusini. Nyuma yake Wakili na saa yake ya mkononi. Nyuma ya Wakili, Karani, amebeba daftari kubwa la wanachama, macho chini.

"Msaliti!" Mtu akamtemea mate kiatuni. Kinyozi akakunja ngumi. "Siku moja nitamkamata huyu peke yake," akasema kwa sauti ya kusikika, "na sitakuwa na wembe wa kunyolea."

Mama Jezi alilisikia hilo, akakumbuka kiapo chake, akanyamaza.

Wakili akasoma kifungu cha kumi na tisa. Akasoma na mstari wa chini, bila kupandisha sauti wala kuishusha. Alipomaliza, ungesikia bati likipanuka kwa jua.

"Wanachama wenye kadi wasimame," akasema.

Mwalimu akahesabu. Thelathini na saba. Waliokuwa safarini siku ya moto, waliokuwa wagonjwa, na bibi mmoja ambaye alikuwa amelala.

Bwana Saruji akatoa leso, akafuta paji la uso ambalo halikuwa na jasho. "Basi tusipotezeane muda, ndugu zangu. Mlisema nichukue klabu yangu. Nimechukua."

Nawaambia ukweli, mimi ninayewasimulia nilikuwa na hamu ya kumrushia kitu.

"Saa sita bado," Mama Jezi akasema. Akapanda juu ya kiti. "Jamani, mnisamehe. Ni mimi niliyewaambia mchome. Sikuisoma katiba. Nilikuwa na hasira, na kamera zilikuwa pale, na mimi nikajiona mtu. Nimewanyang'anya haki yenu kwa mikono yangu. Kama kuna wa kulaumiwa, ni mimi, msimlaumu mwingine."

Wanawake wakaanza kulia. Na katikati ya kilio hicho, mtu mmoja akawa anakohoa. Anakohoa, anakohoa, haachi.

"We Kinyozi, una nini?" Mwalimu akamuuliza.

"Mimi..." Kinyozi akajikuna kisogo. "Mimi siku ile sikuchoma."

"Nilikuona! Ulicheza mpaka shati likakuvuka!"

"Nilichoma kadi ya kliniki ya mtoto. Zinafanana rangi! Moyo ulikataa, jamani. Kadi aliniandikisha marehemu mama. Mke wangu anaitafuta ile ya kliniki mpaka leo, anadhani imeliwa na panya."

Kisha sauti nyingine, ya dereva wa lori, mtu mzima mwenye ndevu: "Na mimi nilichoma karata. Nyumbani hatujacheza tena, moja inapungua."

"Mimi nilichoma kadi ya mwaliko wa harusi ya shemeji."

"Mimi ya maktaba!"

"Muongo, wewe hujawahi kufika maktaba!"

Ikawa fujo tupu. Kila mtu alikuwa amemdanganya jirani yake kwa mwezi mzima, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye aibu. Wengine walicheka huku machozi yanawatoka. Bwana Saruji akaacha kutabasamu.

"Mbio!" Mama Jezi akapiga kelele. "Nendeni mkazilete! Sasa hivi!"

Waliwahi kuonekana watu wanakimbia vile? Kadi zilitoka chini ya magodoro, nyuma ya saa za ukutani, ndani ya makopo ya sukari na mifuko ya makoti ya msiba. Mama mmoja alirudi na viatu viwili visivyofanana. Kila aliyefika alitoa kadi, Mwalimu akafungua daftari kubwa, akalinganisha namba na jina, akaweka alama. Sabini. Mia na kumi. Mia na themanini.

Saa sita kasoro dakika kumi, Mwalimu akainua kichwa.

"Mia mbili na kumi na moja," akasema, na akaketi.

Sitajaribu kuwaelezea kelele zile.

"Mwenyekiti," Wakili akasema.

"Mama Jezi! Mama Jezi!"

"Ana kadi?"

Kelele zikashuka kidogo kidogo, mpaka zikaisha. Mama Jezi alikuwa amesimama na mikono mitupu. Katika watu wote wale waliomsikiliza juu ya kreti, yeye ndiye aliyetii maneno yake mwenyewe.

"Sina," akasema. "Yangu niliichoma kweli."

"Nani mwingine ana kadi ya mwasisi?" Wakili akauliza. "Moja hadi kumi?"

Hakuna aliyeinua kadi. Saa sita kasoro dakika saba.

Bwana Saruji akaamka polepole. Tabasamu lilikuwa limerudi. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha, akampa Karani.

"Karani wangu anayo," akasema. "Awe mwenyekiti. Ni mtoto wa Mpiga Chokaa huyu, damu ya klabu hii. Mnamtaka nani tena?"

Ukumbi ukalipuka kwa matusi. Lakini Wakili akainua kidole: mwingine hakuna, na bila saini ya mwenyekiti hata uuzaji ungepingwa mahakamani. Mama Jezi akamtazama kaka yake. Tangu lini Kaka akawa na kadi ya mwasisi? Hajawahi kuwa na kadi yoyote.

Karani akaenda mezani. Mbele yake karatasi mbili, ya kukubali na ya kukataa, na kalamu moja. Bwana Saruji akasimama karibu naye na kugusa karatasi ya kukataa kwa ncha ya kidole.

"Kadi kwanza," Karani akasema.

"Hakuna haja," Bwana Saruji akajibu upesi. "Sote tunakujua."

"Kanuni ni kanuni, Bosi." Akafungua bahasha. Akaishika kadi juu, ile karatasi ngumu iliyogeuka njano, ukingo una alama nyeupe ya chokaa. Akasoma kwa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo. "Namba saba."

Mama Jezi akasogea mezani.

"Mwalimu, angalia daftarini," Karani akaendelea. "Namba saba ni jina la nani?"

Mwalimu akafunua ukurasa wa kwanza, akasoma, akafuta macho, akasoma tena. "Ni jina la Mama Jezi."

"Uliniambia umeshalibadilisha!" Bwana Saruji akabweka, na alipotambua amesema nini, watu mia tatu walikuwa wameshasikia.

Haya, sasa mnajua. Siku moja kabla ya ule moto, Karani alitumwa na bosi wake, akafungua mkoba wa dada yake, akatoa kadi ya baba yao, akaweka kipande cha boksi ndani ya jalada. Bwana Saruji aliikalia mfukoni mwezi mzima. Karani aliamriwa pia afute jina la dada yake daftarini, aandike lake. Hilo ndilo lililomshinda. Karani wa miaka tisa, mtu asiyewahi kufuta mstari! Aliweza kuiba, kufuta hakuweza. Nami nitasema bila kumung'unya: laiti angefuta, leo angesaini mwenyewe kukubali, tena kihalali, na jioni angekula na wanawe. Lakini hakufuta.

"Nikisaini mimi, kesho mahakama itaitupa," Karani akasema. Alikuwa anamtazama dada yake, dada yake peke yake. "Jina si langu. Mwenye kadi aidai. Upesi."

"Ni yangu," Mama Jezi akasema.

Wakili akatazama saa. Dakika nne. "Mama, lazima nijue. Ulimpa kwa hiari, au aliichukua bila ruhusa? Kama ulimpa, umeitoa, haikurudii."

Akaelewa. Nyinyi pia mmeelewa. Akisema alimpa, uwanja umekwenda. Akisema hakumpa, basi amemtaja mwizi, mbele ya ukumbi uliokuwa unamtafuta Karani tangu asubuhi. Kaka yake akamtikisia kichwa kidogo. Sema.

"Sikumpa," Mama Jezi akasema.

"Mwizi!"

Alikuwa Kinyozi. Neno hilo likitamkwa kwa sauti ile, mnajua wenyewe linavyokwenda. Halikuhitaji mtu wa pili, lakini walikuwa mia tatu. "Mwizi! Mwizi na msaliti! Kamwibia dada yake!" Kiti kikaruka. Karani akarudi nyuma hatua moja, akavua miwani yake, akaikunja, akaitia mfukoni, kama mtu anayejiandaa kulala. Kisha sikumwona tena. Bwana Saruji naye hakuonekana. Alishapita mlango wa nyuma.

"Mwacheni!" Mama Jezi akapiga kelele. "Ametusaidia! Ni yeye aliyenipa katiba! Mwacheni jamani, ni kaka yangu!"

Nani amsikie? Asubuhi nzima alikaa na maneno hayo mdomoni, na sasa yalikuwa yanamezwa na vishindo vya viti.

Akageuka akimbie. Wakili akasukuma kadi na karatasi mbele yake. Uso wa Wakili ulikuwa mweupe kama chaki.

"Dakika mbili," akasema. "Ukiondoka hapa mezani, sitaweza kukungoja. Katiba sikuiandika mimi."

Kutoka mezani mpaka pale walipokuwa wamekusanyika ni hatua ishirini. Kati yake na kaka yake kulikuwa na migongo mia tatu. Akasikia sauti ya Kaka, mara moja, akimwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine alijuaye.

Akashika kalamu.

Jina la Mama Jezi ni refu, la baba na la babu, na katiba inataka yote matatu. Aliandika la kwanza. Wino ukaacha doa. Aliandika la baba. Nyuma yake kitu kizito kilianguka na watu wakasema "Eh!" Aliandika la babu. Wakili akagonga muhuri, akatazama saa.

"Imepokelewa," akasema. "Klabu ni yenu."

Hakuna aliyeshangilia. Hapo ndipo Mama Jezi alipogundua kwamba kelele zilikuwa zimeisha kabla hajamaliza kuandika, na kwamba ukumbi mzima ulikuwa kimya. Migongo ilikuwa imesimama duara, haigeuki. Kinyozi alitoka kwenye duara akijifuta mikono kwenye suruali, anafuta na kufuta, akamwona, akasimama.

"Umesema alitusaidia?" akauliza. "Mama Jezi... umesema hivyo saa ngapi?"

Mama Jezi alikuwa anatazama mlangoni.

Kila siku ya kazi, kwa miaka tisa, saa sita kamili, wifi yake humletea mumewe chakula. Alikuwa amesimama pale, bakuli limefungwa kitambaa, mtoto wa mwisho kamng'ang'ania sketi, anatabasamu kwa kuona watu wengi, anamtafuta mumewe kwa macho.

"Jamani," akasema, "mnamzunguka nani hapo?"